Kuupima Wimbo kwa Mita

Jumatatu, 10 Juni 2024

Daftari jipya. La zamani limejaa namba za volti mpaka kwenye jalada, nikasema hili nalo liwe la namba tu. Siku ya kwanza, na tayari naandika maneno. Basi.

Asubuhi nimetoa mashine ya muziki stoo. Vumbi la mwaka mzima! Mjusi katagia ndani ya kinanda. Nimefuta kwa brashi ya rangi, nikasafisha vishikio vyote kumi na sita kwa spiriti, kimoja baada ya kingine. Cha tisa bado kinakwaruza. Au niseme namba za mita ya volti zinaruka nikikizungusha, maana mkwaruzo wenyewe siusikii.

Niandike wazi mara moja, yaishe. Sikio la kulia limekufa. La kushoto linapata ngoma, lori, mlango ukibamizwa. Maneno ya watu yananifikia nusu, tena nikiwa natazama mdomo. Kinanda najua kinalia kwa sababu spika inatetemeka kwenye kiganja. Kama sauti iko juu au chini, imekaa au imepinda, sijui tena. Miaka kumi na moja nilisimama kwenye karasha, mashine ya kuponda mawe, pale mwaloni machimboni, tukisaga mawe ya dhahabu ya watu, na kitambaa tu masikioni. Wenzangu wengine walitoka na nyumba. Mimi nilitoka na mlio wa nyenze usiolala.

Hakuna anayejua. Hosiana, mke wangu, anadhani nimekuwa mkaidi wa uzee. Acha adhani hivyo.

Jumatano, 12 Juni

Duka halijapata mteja. Redio nani analeta siku hizi? Nimekaa na mashine.

Bruda Gregory, Mholanzi, ndiye aliyenifundisha umeme kwenye karakana ya misheni, Ushirombo. Vitu hivi viwili alikuja navyo kutoka kwao: kinanda na kisanduku chake. Kisanduku ndicho sikwensa. Safu ya vishikio kumi na sita, kila kimoja ni hatua moja ya wimbo. Unazungusha, unapata volti. Volti zinaingia kwenye kinanda, kinanda kinatoa sauti. Hatua ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na sita, halafu inarudi mwanzo. Kumbukumbu haina. Ukigusa kishikio, wimbo wa jana umekwenda. Ndiyo maana ya haya madaftari.

Na mwendo wake si wake. Bruda alibandika kispika kidogo kwenye ngozi ya ngoma kubwa kinase mapigo, waya ukaingia kwenye kisanduku. Pigo moja la ngoma, hatua moja. Mpigaji akichelewa, mashine inamsubiri. Kompyuta haimsubiri mtu. Tangu mwaka tisini na tatu kundi letu la Wagalu linajulikana kwa hilo: majembe ya bugobogobo, ngoma yetu ya wakulima, yanagongwa juu, na chini yake ile sauti nzito inatembea pamoja na ngoma. Watu walikuwa wanatoka Kahama kuja kuitazama.

Alipoondoka kurudi kwao aliniachia kanuni moja. Volti moja, oktavu moja. Gawa kwa kumi na mbili, unapata 0.083, ndiyo nafasi kati ya sauti moja na ya jirani yake. Kwa kanuni hiyo mtu anaweza kutuni kwa mita peke yake, bila kusikia chochote. Bruda alitaka nielewe hesabu tu. Miaka mitatu sasa ndiyo inayonilisha.

Ijumaa, 14 Juni

Mazoezi ya kwanza, nyuma ya ghala la pamba. Jembe, vumbi, jua. Mgongo unauma.

Mihayo, kiongozi wetu, ananiambia Kahama kuna vijana wenye studio wanaoweza kututengenezea mdundo mzima kwa kompyuta. Unawekwa kwenye simu, unachomeka spika, basi. "Mashine yako imezeeka, fundi," akasema. Kilichofuata alikisema akiwa amegeukia wachezaji, sikukipata. Nikaitika kwa kichwa. Sijui nimekubali nini.

Wakileta kompyuta, mimi pale uwanjani sina changu. Na msimu wa ngoma ndiyo miezi miwili tu kwa mwaka ambayo mimi ni mtu. Miezi mingine ni mzee anayekaa mbele ya duka la redio mbovu. Nimechoka, ndiyo, lakini hiki sitaki kukiachia.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa nilikuwa dukani, nimeinamia kisanduku, mgongo mlangoni. Nikageuka kuchukua bisibisi, namwona Eliya kasimama ndani. Kajaa tele! Sijui alikuwa pale muda gani. Alikuwa ananitazama tu.

Eliya tulisaga naye mawe mwaloni mwaka mmoja, kisha akarudi kwao Kishapu. Siku hizi ni ningi wa Wagika, wapinzani wetu wa Mhunze, mtunzi na mwimbaji wao, na ulimi wake unajulikana. Kaleta mwaliko mwenyewe kama ilivyo desturi: tarehe sita na saba Julai, Mhunze, siku mbili. Makundi mawili, uwanja mmoja, yanaanza kwa pamoja. Watazamaji wanakwenda kule kunakowavuta. Kwenye watu wengi ndipo kwenye ushindi, hakuna jaji wala karatasi.

Aliniuliza habari za nyumbani, habari za binti yangu Nelly, habari za mashine. Nilimjibu vizuri, nilikuwa namtazama usoni. Nadhani nilimjibu vizuri.

Alhamisi, 20 Juni

Siku mbaya.

Asubuhi palikuwa na baridi, mazoezi yakaenda safi. Saa nane mchana tukarudia. Mbuke akanyoosha mkono, akasimamisha ngoma. Mbuke ndiye ningi wetu. Mwanamke wa miaka arobaini, mkulima, hajawahi kushika mashine, lakini wimbo wote uko kichwani mwake, na akisimama yeye wote tunasimama.

Kasema kinanda kimepanda. Nikapima mbele ya watu wote. Hatua ya kwanza sawa, ya pili sawa, mpaka ya kumi na sita. Sawasawa na asubuhi! Nikamwonyesha namba. Akaniambia, "Baba Nelly, achana na namba, weka sikio." Nikainama, nikaweka sikio kwenye spika, nikahesabu moja hadi kumi. Nikasema iko sawa.

Wachezaji walikuwa wanatazama majembe yao. Mihayo alitazama simu yake.

Nimemkasirikia Mbuke njia nzima ya kurudi nyumbani. Hosiana kaniuliza jambo wakati wa kula, nikamwambia asinisumbue. Hata swali lenyewe sikulijua.

Jumamosi, 22 Juni

Nimeelewa. Aibu iliyoje.

Mita inapima kisanduku. Kinanda haikipimi! Kinanda cha aina hii kikipata joto sauti inapanda yenyewe, hata volti zikiwa zilezile. Bruda alinieleza, na nilipokuwa na masikio sikuhitaji kukumbuka, nilikuwa nasikia na kukirudisha chini bila kufikiri. Juzi saa nane jua lilikuwa limekipiga tangu asubuhi. Namba zilikuwa kweli, na sauti ilikuwa imepotea, na mimi nikamwambia mtu mwenye masikio kwamba hasikii.

Nitakitengenezea kivuli kwa turubai. Hilo ni rahisi. Namna ya kumwambia Mbuke ndiyo siijui.

Jumanne, 25 Juni

Sikuhitaji kumwambia. Amekuja mwenyewe dukani asubuhi, akapiga goti, shikamoo, akavuta kigoda akakaa mbele ya mashine. Kasema tangu miaka mitatu iliyopita wimbo wake umenyooka mno. Si leo wala juzi. Alikuwa anavumilia. Anaimba pale anapopajua, kinanda kinamvuta kwingine, jioni koo linamuuma. Ameomba azungushe vishikio yeye.

Nikamwachia. Akawa anaimba kwa sauti ndogo — niliona koo — na anazungusha taratibu mpaka anaridhika, kisha ananitazama, mimi naandika.

Hatua ya tatu: 0.29. Kwa kanuni ya Bruda ingekuwa 0.25 au 0.33. Yeye kaweka katikati. Nikadhani kabahatisha. Alipokwenda kunywa maji nikakivuruga kishikio makusudi. Akarudi, akaimba, akazungusha: 0.29. Nikamtania kwamba kimeteleza, nikavuruga tena mbele yake. 0.29. Mara tano! Mita yangu haina uhakika kama wa yule mwanamke.

0 — 0.29 — 0.29 — 0.58 — 0 — 0.77 — 0.58 — 0.29. Hizo ni nane za kwanza. Nimeziandika kwa kalamu nyekundu.

Miaka mitatu nimewalazimisha waimbe hesabu. Tungo za bibi zao! Na hakuna aliyenivunjia heshima kwa kuniambia. Nilipofunga duka machozi yalinitoka, nikasingizia moshi wa jirani.

Tumekubaliana: Mhunze, kabla ya kuanza, yeye atashika kile kishikio kikubwa cha kinanda, kinachopandisha na kushusha sauti yote, na kukiweka mahali pake. Mimi nitasimamia namba na waya. Hakuuliza kwa nini. Sijui kama anajua.

Jumapili, 30 Juni

Misa. Padre kahubiri, mdomo wake umefichwa na maiki. Nelly kapiga simu kutoka Geita. Nikampa mama yake.

Ijumaa, 5 Julai

Mhunze. Tumekuja na Fuso, watu thelathini na ngoma zao, mimi nimekumbatia kinanda kutoka nyumbani Segese mpaka hapa. Magoti hayana hali.

Tumelala kwa mwenyeji wetu, uani. Jioni Mihayo kapaka dawa ya kundi kwenye spika, nyeusi, yenye mafuta. Nikamwambia asiguse waya. Akaniambia bila dawa hata waya hazisaidii kitu. Nimefuta vumbi kuizunguka, dawa nimeiacha. Nimesali pia. Kila mtu na wake.

Kasema pia, safari hii akiwa mbele yangu ili nielewe: tukishindwa hapa, mwakani ni kompyuta. Si kwa ubaya, anasema. Najua si kwa ubaya.

Jumamosi, 6 Julai

Naandika saa kumi na moja jioni, nimekaa juu ya sanduku la spika. Nataka niandike kabla sijachoka zaidi.

Tulianza vizuri. Vizuri mno! Turubai limefungwa, kinanda kina kivuli, Mbuke kashika kishikio kikubwa, kaimba mstari mmoja, kakisogeza kiasi cha unywele, kanitikisia kichwa. Ngoma ikapigwa. Mkono wangu kwenye spika — hatua, hatua, hatua — na wachezaji wakaingia na majembe, mgongo mmoja. Niliona watu wanahama. Wanatoka upande wa Wagika wanakuja kwetu, akina mama na watoto mgongoni, vijana wa bodaboda, wazee na viti vyao. Miaka mingi sijaona hivyo. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli.

Kisha Wagika wakanyamazisha ngoma zao. Eliya kasogea katikati ya uwanja peke yake, maiki mkononi, zamu yake ya kutunga. Hilo ni la kawaida, kutupiana maneno ndiyo chumvi ya mbina, mashindano haya ya ngoma, na atakayetukanwa anajibu siku ya pili. Kaimba, kanyoosha kidole upande wetu. Watu wakacheka. Kaimba tena, kanyoosha kidole kwangu hasa. Uwanja mzima ukanigeukia unacheka, wengine wanashika mbavu. Nikajua kanitania umri au tumbo, tulitaniana sana mwaloni. Nikacheka na mimi. Nikampungia kwa mikono yote miwili. Wakazidi kucheka.

Baada ya hapo kitu kikakatika. Wachezaji wetu walirudi kwenye mstari lakini miguu haikuwa ileile. Watu wakahama kwenda kule. Nikaangalia mita, namba ziko sawa. Nikaangalia turubai, kivuli kipo. Nikamwangalia Mbuke, akainamisha uso.

Kilichotokea sikielewi. Wenzangu wamekaa kule kwenye mti wa mkunazi, wanaongea. Hakuna anayekuja huku.

Jumamosi hiyohiyo, saa moja usiku

Hosiana ametuma ujumbe. Video imeshafika Segese, kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya.

Ameandika: "Baba Nelly, ulikuwa unacheka nini?"

Nikafungua video. Nikabandika simu kwenye sikio la kushoto. Ngoma, ngoma, kelele. Nikatazama mdomo wa Eliya, video inatikisika. Nikajiona mwenyewe pembeni, nimevaa shati lile la bluu, nacheka, nimenyanyua mikono juu. Ikabidi nimwandikie mke wangu: kaimba nini?

Kisha akaniandikia, mstari kwa mstari:

Wagalu wana fundi anayeitazama ngoma.
Sisi tunaisikia, yeye anaitazama.
Msimame mgongoni mwake mumwite leo,
ataitika mwakani.

Basi ndiyo ile siku dukani. Eliya alikuwa amesimama nyuma yangu, ananiita.

Na mimi nikampungia mikono. Ningenuna tu, ningekaa kimya tu, watu wasingekuwa na uhakika. Nimethibitisha mwenyewe, mbele ya wilaya nzima, kwa meno yote nje. Naona aibu.

Hosiana kaandika tena: "Tangu lini?" Nikamjibu, tangu Nelly aolewe, pole pole, kisha kwa haraka. Akaandika: "Miaka minne nakuita mkaidi." Nikaandika kwamba nimekula. Sijala.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Saa tatu asubuhi. Uwanja unaanza saa nane.

Mihayo kanipita mara mbili bila kunisalimia. Si hasira, nadhani hajui asimame upande wangu upi. Wapiga ngoma wameamka, mmoja kapita nyuma yangu, nikamwona mwenzake anatazama kama nitageuka. Sikugeuka. Aliyepita nilimjua kwa kivuli chake tu. Kumbe ndivyo itakavyokuwa, kila saa mtu atanijaribu.

Nimefikiria kupanda gari lolote linalokwenda Shinyanga. Mashine wabaki nayo, vishikio Mbuke anavijua kuliko mimi. Nimefunga hata begi. Kisha nikafungua, nikatoa mita, nikapima. Mazoea. Kishikio cha tatu kilikuwa kimesogea njiani, 0.31. Nikakirudisha.

Mbuke amekuja sasa hivi. Naandika huku yupo, ili nipate pa kutazama. Kakaa kwenye ukingo wa kibaraza, ubavuni kwangu, upande wa kulia. Anatazama barabara. Kaongea kwa muda. Nimepata neno hapa, neno pale, kutoka kwenye pembe ya mdomo wake: ametunga nyimbo mbili za kujibu. Mmoja unamwita Eliya mwongo. Mwingine — hapo sikupata. Lazima aimbe mmoja kabla ngoma hazijapigwa, na ule wa kumwita mwongo hawezi kuuimba kama aliyosema Eliya ni kweli, maana watanijaribu palepale uwanjani na atakayeanguka ni yeye. Kwa hiyo anauliza kama ni kweli sisikii. Nadhani anauliza. Mikono yake imekaa magotini.

Ningeweza kusema si kweli. Nimelisema miaka mitatu, ulimi umelizoea. Ningeweza kutikisa kichwa tu, akaondoka.

Nimemwambia ainuke, ahamie huku mbele yangu, penye mwanga, nimwone mdomo, aniulize tena polepole.

Amenitazama. Sasa anavuta kigoda.